Tope Bichi la Nunguni

Baridi ya Julai huko Nunguni huuma kama siafu. Ukungu hulala juu ya soko hadi saa nne asubuhi, na hata unga wa uji hukawia kuchacha.

Ndinda aliijua baridi hiyo kuliko mtu yeyote. Yeye ndiye aliyekabidhiwa mtambo uliogeuza uchafu wa vyoo vya soko kuwa gesi ya kupikia katika vibanda vya chakula. Kila siku alilichuja tope la choo, akatoa matambara, nailoni na nywele za vinyozi, kisha akalipasha moto ndani ya pipa kwa saa nzima. Lilipopoa na kuwa vuguvugu, ndipo alipolimimina katika tangi lililozikwa ardhini, ambamo vijidudu vililila na kutoa gesi. Watu walimwita mpishi wa mavi. Hakujali.

"Tope bichi ni kama mahindi ya muthokoi ambayo hayakulowekwa," aliwaambia. "Utachochea moto kutwa, na bado utatafuna mawe."

Aliyekerwa zaidi na kazi hiyo ni Nthiwa, mwenyekiti wa kikundi kilichomiliki mtambo. Alikuwa mtu mwepesi wa ulimi na mzito wa sikio, kaka mkubwa wa Kiilu, mume wa Ndinda. Moto wa pipa ulikula sehemu ya gesi yenyewe, na wenye vibanda walinung'unika kwamba haiwatoshi.

"Shemeji, unawapikia vijidudu, watu wakose chai?" alimwuliza siku moja mbele ya umati. "Kuanzia kesho hakuna kuchuja, hakuna kupasha. Mimina tu."

"Mwenyekiti, litaganda juu kama ukoko na kuziba tangi. Likiziba, utamwita nani ashuke? Fundi wa mabomba hapa ni mmoja, naye ni mume wangu. Hewa ya mle ndani haivutwi mara mbili."

"Ndugu yangu si sukari, hatayeyuka," Nthiwa akajibu, na watu wakaangua kicheko.

Wiki mbili za kwanza gesi ilifurika, maana hakuna iliyochomwa chini ya pipa. Nthiwa alitembea sokoni kifua mbele kama jogoo. Wiki ya tatu miali ikafifia. Ya tano, ikazimika kabisa.

Siku ya soko Nthiwa alifungua kifuniko cha tangi na kuchungulia. Ukoko wa matambara na nywele ulikuwa mnene kama godoro. Akampigia Kiilu simu. Kiilu alifika na koleo begani, Ndinda akimfuata huku akihema.

"Hashuki," Ndinda alisema.

"Kaka, tuliache wazi siku kadhaa kwanza, lipumue," Kiilu akasema kwa sauti ya chini.

Nthiwa alimtazama nduguye kwa dharau. "Kumbe wewe ndiye uliyeolewa."

Akavua koti, akashuka ngazi mwenyewe. Kwenye kidato cha nne mikono ilimlegea, akaanguka bila hata kukohoa.

Kiilu alitupa koleo na kulikimbilia shimo. Ndinda akamrukia, akamkumbatia kiunoni, wakaanguka wote wawili, naye akamlalia kama jabali.

"Niache. Ni ndugu yangu," Kiilu alilia, akimpiga kwa viwiko hadi damu ikamtoka mdomoni.

"Ukiingia, mama yako atazika wawili." Hakumwachia. Akawageukia watu. "Leteni kamba na kulabu. Asiingie mtu yeyote."

Umati ukamzomea. Mwanamke mmoja akamwita mchawi. Hata hivyo kamba ililetwa, na kulabu iliponasa mshipi wa Nthiwa, nusu saa ilikuwa imekwisha kupita. Alitolewa akiwa amekwisha kuaga dunia.

Mazishini mchungaji alisema ni mapenzi ya Mungu. Mama mkwe hakuupokea mkono wa Ndinda. Kiilu alisimama upande wa pili wa kaburi, mzima wa afya, akimtazama mkewe kana kwamba hajapata kumwona maishani. Usiku huo hakurudi nyumbani, wala uliofuata. Alihamia kwa mama yake, na huko ndiko aliko.

Nthiwa alidharau chujio na pipa la moto, akaviona ni upuuzi wa mwanamke mmoja. Yeye yumo kaburini, na ukoo wote aliouacha unachechemea hadi leo. Hakika, mdharau mwiba mguu huota tende.