Mtaa Uitwe Kwa Nani?

Hapo zamani, wala si zamani sana maana mabati yalikuwa yameshafika, palikuwa na mtaa ukiitwa Kikaangoni. Jina halikuwa la utani. Kaskazi ikiingia, mabati yenye kutu yaliwapika watu wazimawazima, na watoto walitoka vipele vya joto toka utosini hadi kisiginoni.

Mtaani hapo aliishi Mwanakheri, mshona kofia, akingoja barua yake ya posa.

Adhuhuri moja mkunga wa mtaa, Bi Nyamvula, alikwenda kumzuru marehemu mumewe. Akalishika kaburi lililopakwa chokaa, akashtuka: la baridi! Na jua lile lile lilikuwa linaunguza mabati. Akarudi mbio.

"Jamani, tupake mapaa chokaa kama makaburi! Jua likija, lirudi lilikotoka!"

Wakamcheka. "Bi mkubwa, haraka ya nini? Kaburini tutafika tu."

Asiyecheka alikuwa mmoja tu, Shekuwe, mchoma chokaa. Akachanganya, akapaka bati, mvua ikaiosha. Akachanganya tena, ikabanduka. Mara ya saba akatia chumvi na uji wa muhogo. Mvua ikanyesha, chokaa ikang'ang'ania. Sasa, nani atoe paa lake? Kila mlango yeye na Bi Nyamvula walitimuliwa. Mwanakheri ndiye aliyesema, "Pakeni langu."

Juma lile lile wazee wa posa wakatokea. Wakaliona paa jeupe pe. "Hawa wamejijengea kaburi wangali hai!" Wakageuka na barua yao. Mwanakheri alilia sana, lakini paa hakulikwangua.

Kaskazi ikaja na ukali wake. Nyumba iliyokalika mchana ilikuwa ile moja. Waliocheka wakajaa sebuleni, mikeka ikabanana, watoto wakalala wasilie. Haikufika Idi, mtaa mzima ulikuwa mweupe, na hata njiani joto likapungua. Mitaa ya mbali ilikuja kushangaa. Wenyeji wakatembea vifua mbele, na ilikuwa haki yao.

Wakakata shauri: Kikaangoni lifutwe, mtaa uitwe Kwa fulani. Jina moja, la daima.

"Bila kiganja changu," alisema Bi Nyamvula, "mngekuwa bado mnaungua."

"Kiganja hakizuii mvua, mama," alijibu Shekuwe. "Bila mikono yangu, wazo lako lingeshuka na maji ya kwanza."

Mwanakheri akasimama, kichwa juu. "Bibi, ulichekwa, yakapita. Kaka Shekuwe, ulipoteza chokaa, ukachoma nyingine. Mimi nilipoteza harusi, na hakuna aliyerudi kuniposa. Sijuti, najivunia paa langu! Lakini sina mtoto wa kulibeba jina langu. Mtaa na ulibebe."

 Mwandika vibao ameshaandika "Kwa", brashi imelowa, anangoja.

Haya, nyie mnaosikiliza, msinikodolee mimi macho. Mwambieni: aandike jina la nani?