Umoja wa Pumzi Huru na Nyayo Elfu Tatu

"Fulana zote hizi kanunua nani?"

Swali hilo aliliuliza Pimbi hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walijenga, walipika, waliozeshana na kuzikana kama sisi. Aliliuliza uwanjani, mbele za watu, naye mwenyewe kavaa fulana moja, ya kijani, imemfika magotini. Kanga, msemaji wa Umoja wa Pumzi Huru, aliinua kipaza sauti akaanzisha wimbo, na wenye fulana thelathini wakaitikia kwa sauti moja, wakitabasamu tabasamu moja, kana kwamba mdomo mmoja umegawiwa nyuso zote.

Pimbi akaimba nao. Alikuwa na sababu. Nyuma ya jiko la mama yake kulikuwa na mashina matatu ya bangi. Mama alikuwa mzee, viungo vinamkaza, na jani lile akilichemsha ndilo lililompa usingizi. Lakini sheria ya nchi ilikataza, na mwaka uliopita mama huyo alichapwa viboko sita mbele ya wajukuu zake. Umoja ulisema sheria hiyo ifutwe. Pimbi angesimama upande gani mwingine?

Nchi ile haikupiga kura kwa karatasi. Jambo likitaka kuamuliwa, udongo wa mfinyanzi ulikandwa, ukatandazwa juu ya mbao, na kila mmoja akakanyaga mara moja: unyayo mmoja, neno moja. Siku ya saba mbao zilipelekwa barazani kwa Tembo, na wenye nyayo nyingi ndio walioandika sheria. Mkanda udongo alikuwa Pimbi. Kazi aliirithi kwa baba yake, na kila siku alipeleka mbao mbichi kwa kila upande: kwa Umoja, na kwa wapinzani wao waliotaka sheria ibaki.

Siku ya tano alifika kwenye jengo la Umoja adhuhuri. Ukungu ulikuwa haujaondoka, na saa hiyo si saa ya ukungu. Mlangoni hapakuwa na foleni. Hapakuwa na mtu hata mmoja. Lakini ndani, nyuma ya ukuta wa matete, alisikia watu wakikanyaga.

Ti. Ti. Ti. Ti.

Kwato, kisha vidole, kisha kwato tena. Umati mzima. Pimbi alitega sikio asikie wakisukumana, wakiguna, wakikohoa. Akasikia pumzi moja tu, nzito, ikitokea puani.

Akachungulia.

Fisi alikuwa peke yake. Ndiye Fisi wa Bondeni, mwenye lile shamba lililozungushiwa boma la miiba, ambalo hakuna aliyewahi kuambiwa limepandwa nini. Mbele yake palikuwa na vikapu vya miguu mikavu, imepangwa kwa ukubwa kama viatu dukani. Alichukua mmoja kwa meno, akaushindilia udongoni, akautema, akachukua mwingine. Alifanya kazi hiyo kwa utulivu wa mtu anayechambua mchele. Mguu uliofuata ulikuwa mdogo, wenye kidole kilichopinda. Pimbi aliujua. Ulikuwa wa shangazi yake, aliyekufa mwaka wa ukame, na yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliofukia kaburi.

Alirudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga ubao mkubwa ulioanikwa nje. Ilikuwa sheria mpya, imekwisha kuandikwa, inangoja kupitishwa. Akaisoma. Juu paliandikwa kwamba bangi ni halali. Katikati, kwamba kila mtu ni huru. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi, paliandikwa kwamba bangi halali ni ile iliyoota ndani ya boma la Bondeni, na atakayekutwa na shina nje ya boma hilo afungwe maisha.

Mama yake alikuwa nje ya boma.

Pimbi alivua fulana, akaenda kwa Tembo kumweleza yote. Tembo alisikiliza amefumba macho. Alisema hana ugomvi na Fisi, wala yeye si mpiga ramli. Kazi yake ni kuhesabu nyayo, na Umoja ulikuwa umekwisha kupeleka elfu mbili na mia sita.

"Unyayo mmoja hauwezi kuzishtaki elfu, mjukuu wangu," akasema. "Niletee kitu ambacho baraza zima litakiona kwa macho."

Basi Pimbi alijifunga majani ya mgomba mikononi, akaingia porini kuvuna upupu. Mnaujua upupu, wadogo zangu: ganda lenye manyoya laini kama sufi, na unyoya mmoja tu ukikugusa utajikuna mpaka usahau jina lako. Siku ya sita aliyapukutisha manyoya hayo juu ya udongo wa Umoja na juu ya udongo wa wapinzani, sawasawa, bila kupendelea. Kisha akaukanyaga wa wapinzani yeye mwenyewe, maana hakutaka kuwafanyia wenzake asichoweza kukivumilia.

Siku ya saba baraza lilikutana. Wapinzani, themanini hivi, walikuwa wakisugua nyayo kwenye magome ya miti na kuulizana kwa aibu wamekanyaga nini. Wale wa fulana thelathini nao vivyo hivyo, na Kanga alikuwa akirukaruka kwa mguu mmoja huku akijaribu kutabasamu. Mwisho akaja Fisi, na mbao zake zikibebwa nyuma. Alikuwa amejifunga shuka usoni, limemfunika hadi chini ya macho.

"Pole, mjomba," Pimbi akasema. "Unaumwa?"

"Jino," Fisi akajibu kutoka ndani ya shuka.

"Jino gani hilo linalovimbisha pua?"

Watu wakacheka kidogo. Fisi alisema watoto wa siku hizi wamekosa malezi, na kwamba elfu tatu wamekwisha kusema, kwa hiyo baraza liwaheshimu wengi.

"Nami nataka kuwaheshimu," Pimbi akasema. Akamgeukia Tembo, akakiri mbele ya wote alichoweka kwenye udongo. "Babu, jana peke yake Umoja umeleta nyayo mia nne. Ngozi iliyo hai ikigusa upupu hujikuna. Kwa upande wao naona wanaojikuna thelathini. Mjomba, hao wengine wana ngozi gani?"

Kicheko kilikatika mmoja mmoja, kama taa zinazozimwa nyumba hadi nyumba.

Kisha ikasikika kra, kra, kra. Ni Fisi, anajikuna uso juu ya shuka, na hawezi kuacha. Shuka likaanguka. Midomo yake ilikuwa imevimba kama biringanya, na ulimi hauingii kinywani. Akaanza kucheka, kile kicheko cha fisi, peke yake, machozi yakimtiririka. Na kutoka Bondeni, ndani ya boma, fisi wengine ambao hakuna aliyejua kama wapo wakamwitikia.

Hakuna aliyempiga. Nyumbu aliinuka, akatembea taratibu hadi kwenye ubao wa mwisho, akainama, akaweka kwato yake kando ya kwato moja ndogo sana.

"Huyu ni mwanangu," akasema. "Alikufa kabla hajajua kuongea. Nani kamfundisha kudai uhuru?"

Ndipo wote wakasogea kwenye mbao, wakiinama, wakitafuta nyayo za wafu wao.

Tembo aliivunja sheria ile kwa mguu wake. Suala la bangi likarudishwa kwa walio hai, wakabishana masika nzima, wakikaripiana na kupatana na kukaripiana tena, na muda wote huo mama yake Pimbi alichemsha jani lake bila mtu kumgusa. Miguu ilirudishwa makaburini. Mitatu haikupata mwenyewe.

Basi nawaombeni jambo moja, wadogo zangu: akija mtu akasema amebeba sauti za maelfu, mwambieni awalete.