Tanuri Lisilotoa Majivu

Paukwa.

Pakawa.

Chungu kiko wapi?

Kiko jikoni.

Nani kakifunua?

Mwenye njaa.

Nani kakimaliza?

Mwenye meno.

Haya, sogeeni. Hii hadithi kila nikiisimulia damu inanichemka, kwa hiyo msinikatize.

Hapo kale, huko nyikani ambako hata njia huchoka ikageuka nyasi, watu walikwenda kuchimba kisima. Wakapiga kambi. Wakala, wakanywa, wakatupa. Lakini walikuja na tanuri la chuma la kuchomea taka, lenye magurudumu mawili, likivutwa kirikiri, kirikiri. Juu lina mlango mkubwa wa kutilia taka. Nyuma, chini kabisa, lina kidirisha cha kukombea majivu. Kisima kilipotoa maji wakaenda zao. Tanuri wakaliacha.

Kiangazi kikaja, wanyama wakahamia kambini kufuata maji. Fisi akafika wa kwanza, akalikalia tanuri.

"Kambi bila usafi ni maradhi," akasema. "Mimi ndiye Bwana Taka. Kila asubuhi mtaniletea vyote, nikague. Kinachonuka ni taka. Taka ni ya tanuri."

Wanyama wakakubali. Usafi nani aukatae? Tena walitaka majivu, maana kambi ile ilikuwa na siafu, na siafu hazivuki mstari wa majivu.

Nguchiro alikuwa na watoto watatu, na kitinda mimba wake alikuwa hoi, tumbo linamsokota. Siku moja alipata yai moja la kanga, la kumtilia nguvu. Fisi akalinusa.

"Linanuka."

"Limetagwa leo, mzee."

"Nani Bwana Taka hapa, mimi au wewe? Linanuka. Lete."

Akalichukua. Akachukua na paja la nyama la Mbweha, na asali ya Nyegere, na samaki mkavu wa Kobe. Vyote vinanuka. Moshi ukatoka kwenye bomba, fu, fu, fu, na wanyama wakasema, Bwana Taka anachapa kazi.

Nguchiro akarudi mikono mitupu. Mtoto akamtazama mikononi. Jamani, hapo ndipo panaponiuma mimi.

Nguchiro akakaa akawaza. Moshi upo kila siku. Majivu yako wapi? Mwezi mzima hakuna aliyegawiwa hata kiganja.

Akazunguka nyuma ya tanuri, akachungulia kidirisha. Ndani mlikuwa na nyasi mbichi, basi, za kufukiza moshi. Akafuata nyayo za Fisi hadi korongoni, yalikokusanyika maji ya kisima. Akakuta mifuko, matambara ya vidonda, mifupa iliyooza, vyote vimetupwa majini. Na maji hayohayo ndiyo aliyokunywa mwanawe. Akafuata nyayo tena hadi pangoni. Akakuta mapaja, asali, samaki, mayai, na lake juu kabisa.

Mwingine angepiga kelele. Nguchiro akapangusa miguu, akaenda kwa Fisi na sauti ya asali.

"Shikamoo, Bwana Taka."

"Marahaba. Unataka nini, kidude?"

"Mzee, pangoni kwako kunavuma harufu. Nzi wamejaa. Watu wataanza kuuliza."

"Wataniuliza nini?"

"Mimi siulizi, mie nakuonea huruma. Wale wachimba kisima walikuwa wakikausha nyama humu tanurini, nikiwaona. Inakaa hadi masika, wala haitoi harufu. Unaitandika chini, juu unashindilia taka, unafunga, unawasha. Ila moto unataka taka nyingi. Zile za korongoni, zote."

"Zote?"

"Ukibakisha hata tambara moja, nyama inaharibika."

Fisi akachota pango lote, akalitandika tanurini. Akateremka korongoni, akapanda na mzigo wa matambara, akautupia juu. Akateremka tena. Kila akiteremka, Nguchiro anaingia kwa kidirisha, chupu, anatoka na paja. Chupu, anatoka na samaki. Chupu, anatoka na yai. Taka zinashuka kujaza nafasi. Fisi akapanda, akateremka, akapanda, akateremka, ulimi nje.

"Mbona halijai?"

"Tumbo la chuma, mzee. Ni kama la mtu fulani."

Korongo likabaki jeupe. Fisi akafunga mlango, kwaa, akawasha. Moto ukanguruma, vuu, vuu. Jua lilipoinama akafungua.

Majivu matupu.

"Nyama yangu! Mayai yangu!"

Wanyama wakaja mbio, kila mmoja na kifuu chake cha kuchotea majivu, kama Nguchiro alivyowaambia. Kobe akafika mwisho, akauliza taratibu, "Mayai gani, Bwana Taka? Si ulituambia ni taka?"

Fisi akatazama huku, akatazama huku. Akisema ni chakula, yeye mwizi. Akisema ni taka, analia nini?

"Ilikuwa taka," akasema.

"Basi pole kwa taka," akasema Nguchiro. "Tugawie majivu."

Fisi akagawa, kifuu kwa kifuu, mkia katikati ya miguu. Jioni hiyo kila mwenyeji alikuta chakula chake mlangoni. Na kitinda mimba wa Nguchiro alikula yai lake, akalamba na ganda.

Fundisho, wajukuu zangu: mkubwa akisema chakula chako ni taka, mpe. Mkubwa hakosei. Ukiona moshi, shukuru, usiulize majivu.

Sasa nani kafunua chungu changu nikiwa nasimulia?

Mwenye njaa.

Haya. Kifunikeni, hadithi imeiva.