Sauti ya Mama Mize

Paukwa!

Pakawa!

Mwenye kikohozi akohoe sasa, mwenye kiu akanywe maji, maana nikianza sisimami.

Anza, tumetulia!

Basi, palikuwa na mama mmoja, jina lake Sikudhani. Mumewe alifariki, akamwachia binti mmoja, Mize, mtoto wa miaka sita. Walikaa wawili tu, nyumba ya mwisho ya kijiji, juu kilimani. Shamba lao lilikuwa chini bondeni, karibu na mto.

Sikudhani alikuwa mchapakazi, mpishi mzuri, tena mcheshi. Ila sauti yake, jamani! Ilikwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Alipokuwa msichana alijiunga na waimbaji wa harusi. Bi Kidawa, kiongozi wao, akamshika bega mbele za watu, akamwambia, "Sikudhani mwanangu, wewe tupigie makofi tu."

Watu wakacheka. Tangu siku hiyo akawa mtu wa makofi.

Yeye alimwimbia mtu mmoja tu, naye ni Mize. Bondeni kulikuwa na zimwi linalokula watoto, kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kwenda shamba, Sikudhani alimwambia, "Funga komeo, mwanangu. Usimfungulie mtu mpaka usikie wimbo wangu."

Akirudi, alitazama kwanza kulia na kushoto asije akasikiwa na jirani, kisha akaimba polepole:

*Mize, Mize wa mama,*
*nimerudi na kuni,*
*nimerudi na maji,*
*fungua nikuone.*

Mize akisikia tu, mbio! Komeo kwaa, mlango wazi, amemrukia mama yake shingoni.

Siku moja Mize akasema, "Mama, leo kuna mtu kaja kuimba mlangoni. Wimbo ni wetu, lakini sikufungua."

"Kwa nini hukufungua?"

"Alikuwa anaimba vizuri sana. Nikajua si wewe."

Sikudhani akamkumbatia, akamwambia umefanya la maana. Lakini maneno yale yalimchoma. Alisonga ugali huku yakimzunguka kichwani: vizuri sana, nikajua si wewe.

Kumbe lilikuwa lile zimwi, limeusikia wimbo likiwa limejificha. Meno yake makubwa kama majembe, kucha zimejipinda, lakini sauti yake ilikuwa tamu ajabu. Lilikuja mara ya kwanza, Mize hakufungua. Lilikuja mara ya pili, Mize hakufungua. Lilikuja mara ya tatu, Mize hakufungua. Likasema, "Hapa siingii mpaka nipate sauti ya mama mwenyewe."

Basi, siku ya harusi ya jirani mmoja, Sikudhani alishuka mtoni asubuhi kuteka maji. Akamkuta bibi kizee amekaa juu ya jiwe, amejitanda kanga mpaka miguuni, anaimba. Sikudhani akasimama na ndoo yake, machozi yakimlengalenga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umenyong'onyea?"

"Ni sauti yako, bibi. Mimi yangu hata kunguru anaikimbia."

"Basi tubadilishane."

"Unanitania."

"Sikutanii. Nimechoka nayo. Kila harusi mimi, kila ngoma mimi. Nataka kupumzika. Fungua kinywa, tupulizane."

Sikudhani alijua kwamba kitu kizuri hivyo hakitolewi bure. Alijua kabisa. Lakini harusi ilikuwa siku hiyo hiyo, na miaka yote ile ya makofi ilikuwa imemkaa rohoni. Akafungua kinywa. Wakapulizana. Akahisi koo limekuwa laini kama limepakwa samli.

"Asante, bibi," akasema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua kwa utamu.

Yule bibi akajikusanya na kanga zake, akaenda zake upesi kuliko wanavyotembea vizee.

Sikudhani akaenda harusini. Akaimba. Watu wakanyamaza kimya, hata watoto. Bi Kidawa akavua kanga yake mpya akamfunika nayo mabegani. "Imba tena!" wakasema. Akaimba. "Imba tena!" Akaimba. "Imba tena!" Hata alipotazama juu, jua lilikuwa limeshapinda, na Mize yuko peke yake nyumbani.

Akapanda kilima akihema. Akaimba mlangoni:

*Mize, Mize wa mama,*
*nimerudi na kuni,*

Akanyamaza. Mlango ulikuwa wazi. Komeo liko chini. Na pale uani, nyayo kubwa kama nyungo zimeelekea bondeni.

Hapo ndipo alipoelewa yule bibi ni nani.

Akakimbia. Akazifuata nyayo mpaka mtoni, akapita matete, akafika kwenye jabali kubwa. Zimwi lilikuwa limesimama mbele yake, limejitwika tenga lenye kifuniko, linaimba:

*Jiwe, jiwe la babu,*
*mwenyewe nimefika,*
*funguka.*

Jabali kimya. Jiwe lile lilizoea ile sauti tamu, na zimwi lilikuwa limeitoa asubuhi. Likaimba mara ya pili, kimya. Mara ya tatu, kimya.

Sikudhani alikuwa amejificha kwenye matete. Ndiyo mara ya kwanza kuisikia sauti yake kutoka nje. Ilikuwa inakwaruza kweli kweli. Lakini kila zimwi lilipoimba, ndani ya tenga Mize aliacha kulia, akaita, "Mama? Mama, uko wapi?"

Sikudhani hakuweza kuvumilia. Akatoka. "Mize! Mimi hapa!"

"Wewe si mama!" Mize akapiga kelele. "Mama, njoo! Kuna mtu amekuja!"

Zimwi likageuka. "Aa, umefika! Liimbie jiwe langu lifunguke, upesi."

Sikudhani akasema, "Nitaimba. Likifunguka hukaa wazi muda gani?"

"Wimbo ukikatika linajifunga. Kwa hiyo usinyamaze!"

"Sawa. Lakini mlango wenyewe mwembamba, na tenga ni pana. Litue, utangulie, ulivute kwa ndani."

Zimwi likaona ni maneno ya akili. Likatua tenga. Sikudhani akaimba, na jabali likapasuka katikati, guuu! Zimwi likaingia ubavu ubavu. Likageuka, likanyoosha mkono kulivuta tenga.

Sikudhani akanyamaza.

Puu! Jabali likajifunga. Ukabaki ufa mmoja, mdogo wa kupitisha upepo.

"Imba!" zimwi likalia humo ndani, kwa sauti ya Sikudhani. "Niimbie nitoke!"

Sikudhani akafungua tenga. Mize akamtazama usoni, akanyoosha mikono.

"Mwanangu," Sikudhani akasema.

Mize akairudisha mikono. Akajikunyata kwenye tenga. "Uso wa mama," akasema, "lakini mama yumo ndani ya jiwe."

Sikudhani akaenda kwenye ule ufa. Akakumbuka harusi, ule ukimya wa watu wote wakimsikiliza. Roho ilimuuma, siwadanganyi. Kisha akasema, "Nirudishie sauti yangu."

"Utanifungulia?"

"Nirudishie sauti yangu."

"Yangu nzuri zaidi, mpumbavu wee!"

"Nirudishie sauti yangu."

Zimwi likaona halina njia. Likaipuliza sauti kupitia ufa. Sikudhani akageuza uso, akaitema ile tamu kwenye matete, kisha akavuta yake kifuani. Ndiyo maana mpaka leo watu wakitaka filimbi hukata matete.

"Haya, sasa niimbie nitoke!" likanong'ona zimwi, halina tena sauti.

"Hii uliyonirudishia," Sikudhani akasema, "jiwe lako haliijui."

Mize aliposikia mkwaruzo ule, alitoka kwenye tenga mbio, akajikwaa, akainuka, akamrukia.

Wakaondoka. Mtoto mgongoni, jua linazama. Mize akasema, "Mama, bado naogopa. Imba."

Sikudhani akaimba. Safari hii hakutazama kulia wala kushoto. Waliokuwa wakitoka shambani wakasimama na majembe yao, wengine wakacheka, mmoja akaziba masikio. Naye akaendelea kuimba, akapanda kilima chote, mpaka alipohisi kichwa cha Mize kimelala begani.

Hadithi yangu imekomea hapo. Sauti uliyozaliwa nayo, mwanangu, usiionee haya. Hata kama haipendezi harusini, yuko mtu anayeingoja nyuma ya mlango.