Nguo ya Ukuta wa Ndareni

Zamani ukuta wa kanisa la Ndareni, huko milimani Upare, haukuvaa nguo. Jua liliupiga wazi, na kila aliyepita aliisoma saa: chuma kilichochomoza jiweni, na chini yake mistari ambayo kivuli kiliivuka mmoja mmoja.

Kabla saa hiyo haijawekwa, marehemu aliwasubiri ndugu zake. Hakuna aliyeshika jembe mpaka wa mwisho afike, amtazame usoni, amuage. Saa ilipowekwa, wazee wa kanisa wakaamua: kivuli kikigusa mstari wa kati, ni kuzika, basi.

Naetwe alipokufa, mama yake, Namkunda, alimpelekea habari Kajiru, mwanawe wa pekee aliyebaki, aliyekuwa akikata mkonge tambarare. Kajiru ndiye aliyemlea mdogo wake Naetwe mgongoni. Namkunda alijua kwamba Kajiru akikuta kaburi limefukiwa, yeye mama mtu atakuwa amewapoteza watoto wote wawili.

Kivuli kikasogea. Namkunda akavua kanga ya begani, akaifunga juu ya chuma kile, mistari yote ikafichika.

"Mama Kajiru," akaita Senkondo, mzee wa kanisa, "ukimfunika jogoo kapu, ndiyo hakutakucha?"

Waombolezaji wakacheka, hata waliokuwa wakilia.

"Kutakucha, baba. Lakini ninyi mlisema mnangoja kivuli. Kiko wapi? Nionyesheni."

"Kiko humo humo ndani ya kanga yako, kinatembea."

Wakaifungua. Wakazika.

Kajiru alifika watu wakisawazisha udongo kwa migongo ya majembe. Vumbi lilikuwa limemjaa mpaka kwenye kope. Hakulia. Alimuuliza mama yake neno moja tu, "Hamkuningoja?" na kabla hajajibiwa akageuka, akaushuka mlima. Namkunda alimwita mpaka sauti ikamkauka.

Kajiru hakurudi. Namkunda akazeeka, akafa. Hapo watu wa Ndareni waliona haya. Wakaifunga kanga yake juu ya saa, wakaapa kwamba haitafunguliwa mpaka Kajiru aje amtazame mama yake. Wakangoja. Lakini maiti haina subira ya walio hai, ikawabidi wamzike. Kanga hawakuthubutu kuigusa.

Na tangu siku hiyo saa ya Ndareni haisomeki. Nguo ikichakaa, mwanamke mmojawapo hufunga yake juu ya ile kuukuu, kisha huitazama kidogo njia itokayo tambarare. Njia haileti mtu.