Siku Mandhari Ilipokwisha

Hapo zamani za kale, wanangu, milima ilipokuwa bado inasukumana kugombea mahali pa kusimama, aliishi Pimbi. Mnamjua pimbi? Mdogo kama sungura, mkia hana, na masikio yake utadhani fundi aliyaacha akaenda kula. Wewe wa nyuma usicheke, hata wewe ulizaliwa bila meno.

Pimbi alikaa juu kabisa mlimani na mkewe na watoto wao watatu. Nyumba yao ilikuwa pango, na mbele ya pango palikuwa na jiwe pana lililochomoza kama baraza. Baridi ya huko, msiniulize! Usiku maji yaliganda mtungini. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kula, kabla hata ya kusalimiana, familia nzima ilijilaza juu ya lile jiwe na kuota jua. Pimbi asipoota jua hawezi hata kutafuna, taya zinagoma.

Basi siku moja Twiga, mkazi wa bondeni, alipotea njia akajikuta amefika juu. Akageuka, akatazama chini. Akaona mto, msitu, mbuga, na vilima vidogo vimepangana mpaka macho yakachoka.

"Lo! Lo! Lo! Mandhari!" akapiga kelele, akateremka mbio kuwaambia wenzake.

Kesho yake alfajiri mlima ukaanza kutikisika. Puu! Puu! Puu! Pimbi akachungulia. Alikuja Twiga, nyuma yake Nyati amebeba birika la chai, na nyuma yao Tembo anahema na kigoda kichwani.

"Hodi hapa!" akanguruma Tembo.

"Karibuni," akajibu Pimbi. Angejibu nini kingine?

Sasa sikilizeni vizuri. Huko mlimani ukishamwambia mtu karibu, huwezi kumwambia aondoke. Mgeni huondoka anapoaga mwenyewe. Na hawa walikuwa hawaagi mpaka jua lijifiche nyuma ya mlima, halafu kesho yake wanarudi.

Tembo akaweka kigoda jiweni, akakalia. Kwacha! Kigoda kikawa kuni. Akakaa chini, jiwe lote likajaa. Nyati akajibanza ubavuni. Twiga akasimama mbele yao, na shingo yake ikalikata bonde vipande viwili.

"Twiga, inama, unaziba mto!" akasema Nyati.

"Nikiinama nitaona nini? Nitaona nyasi!"

"Na wewe mwenye shingo hiyo ulipanda mlima wa nini?"

"Kuona mbali!"

"Nyamazeni," akasema Tembo. "Tazameni nyumba yangu kule chini. Inapendeza sana nikiwa simo."

Walikuwa na desturi yao. Walifika gizani, wakakaa, wakafumba macho. Kulipokucha, Tembo alihesabu moja, mbili, halafu akasema "Fumbueni!" kwa sababu tatu alikuwa haijui. Wote wakafumbua macho kwa pamoja na kulia, "Looo!" Kila siku bonde lilelile, na kila siku "Looo!" ileile.

Jua nalo lilichomoza upande wa bonde. Likawapiga wageni vifuani. Nyuma yao, mlangoni mwa pango, ilikaa familia ya Pimbi kwenye kivuli kipana kama shamba, wanatetemeka: tetetetete.

Siku ya kwanza watoto walichelewa kula. Siku zilizofuata walikula kidogo tu. Ikafika asubuhi moja yule kitindamimba, jina lake Kijiko, akatiwa jani mdomoni na jani likabaki hapohapo. Hakulitema wala hakulitafuna.

"Baba Kijiko," akasema mkewe kwa sauti ya chini. "Mwanao anaganda. Nenda kaongee na wageni wako."

Pimbi akaenda, moyo unamwuma kwelikweli. Akamgusa Tembo mkiani.

"Mgeni wangu, samahani. Kivuli chako..."

"Umekiona, eeh?" akasema Tembo. "Kila mtu anakisifia. Hata babu yangu hakuwa na kivuli kama hiki."

"Ni kikubwa mno, mgeni wangu."

"Ahsante! Ahsante sana! Nyati, umesikia? Kikubwa mno!"

Pimbi akarudi pangoni. Kisha akamwambia mkewe, "Tembo hasikii ombi, lakini sifa anaisikia hata ukimnong'oneza. Ngoja nifikiri."

Akafikiri siku nzima. Akafikiri na usiku, huku Kijiko amelala katikati yao apate joto. Karibu na alfajiri pua yake ikacheza. Fuu, fuu. Kulikuwa na harufu ya maji. Pimbi akaijua mara moja: ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, ule mzito, unaojaza kila shimo na kila korongo. Akacheka hadi mkewe akamwuliza kama baridi imempanda kichwani.

Wageni wakafika gizani kama kawaida. "Hodi!" "Karibuni!" Wakakaa, wakafumba macho. Ukungu ukaja taratibu bila kelele, ukameza mto, ukameza msitu, ukameza vilima vyote.

"Moja... mbili... fumbueni!" akasema Tembo.

Wakafumbua. Weupe mtupu! Chini weupe, mbele weupe. Watu wa bondeni wale, wanangu, wamezoea kuona mawingu yako juu. Wingu lililolala chini hawakuwahi kuliona maishani.

"Loo..." akaanza Twiga, ikamkwama kooni.

"Nyumba yangu!" akapiga yowe Tembo. "Nyumba yangu iko wapi? Mke wangu yuko ndani!"

"Mto umekwenda!" akalia Nyati. "Na mimi nguo zangu nilizianika mtoni!"

Pimbi akatoka pangoni akijifuta machozi ambayo hayakuwapo.

"Jamani, poleni. Mandhari imekwisha."

"Imekwisha? Inaishaje?"

"Kwani mandhari ni nini, mgeni wangu Tembo?"

Tembo akakuna kichwa kwa mkonga. "Mandhari... ni vile vitu vilivyo kule mbali, vinavyopendeza."

"Haya. Na kule mbali anakaa nani?"

"Tunakaa sisi."

"Na nyinyi sasa mko wapi?"

Wakatazamana. Tembo akamtazama Nyati, Nyati akamtazama Twiga, Twiga akatazama miguu yake mwenyewe, ambako ni safari ndefu.

"Tuko hapa," akasema Twiga kwa sauti ndogo.

"Ndiyo hivyo! Vinavyopendeza vyote vimepanda huku juu kujitazama. Bonde limebaki na nini? Tembo, bonde lisilo na wewe ni bonde?"

Tembo akafikiri kwa uaminifu. "Hapana," akasema. "Si bonde."

"Masikini bonde! Limeona halina mtu, likajifunga. Mimi siku zote natazama huko chini, nawaambia watoto: yule pale ndiye Tembo, mapambo ya nchi. Tangu mlipoanza kupanda, nawaonyesha nini? Nyasi?"

Twiga akaanza kulia. "Na mimi je? Mimi nilikuwa mapambo?"

"Wewe! Bonde lilikuwa limelala chali, wewe ndiye uliyelisimamisha."

Lakini Nyati hakuwa mtu wa kubembelezwa upesi. Akainamisha pembe, akamkazia Pimbi macho.

"Ngoja. Sisi tukishuka, mbona wewe unabaki?"

 Wanangu, hapo nyuma yake Pimbi alisikia meno ya Kijiko: tetetete.  Akasogea mpaka chini ya pua ya Nyati.

"Kaka Nyati, nitazame. Mimi nikisimama kule bondeni, wewe huku juu utaniona?"

Nyati akamtazama. Hata pale, karibu hivyo, ilibidi akodoe macho.

"Sitakuona."

"Mimi kwenye mandhari sifai hata bure. Nyinyi mmeumbwa kutazamwa, mimi nimeumbwa kutazama. Unafikiri siumii?"

Nyati akalainika. Akampigapiga begani kwa kwato, taratibu, na Pimbi akaanguka.

"Pole, ndugu yangu," akasema. "Si kila mtu amejaliwa. Haya jamani, tushuke kabla bonde halijakasirika zaidi."

"Kwaheri, Pimbi," akasema Tembo.

"Mnaaga?" akauliza Pimbi kwa huzuni. "Mnaaga kabisa? Kwa midomo yenu wenyewe?"

"Tunaaga kabisa!" wakajibu wote watatu.

Wakateremka mbio. Puu! Puu! Kururu! Hiyo kururu ilikuwa birika. Na jua lilipokuwa linapanda, ukungu nao ukaanza kupasuka.

"Eee! Naanza kuona kitu!" akapaza sauti Pimbi. "Shukeni zaidi! Naona kilima!"

"Inarudi?" ikasikika sauti ya Tembo kutoka ndani ya weupe.

"Inarudi! Ongeza mwendo! Naona msitu! Naona mto!"

"Na nguo zangu?" akaita Nyati.

"Naona nguo! Kaka, ile ya ndani imetoboka!"

Walipofika bondeni ukungu wote ulikuwa umeondoka, na kila kitu kilikuwa mahali pake, hata mke wa Tembo, aliyesimama mlangoni akiuliza kigoda kiko wapi.

"Usinisemeshe," akasema Tembo. "Mimi nikiondoka hapa nchi inapotea."

Nyati akaambiwa akachote maji. Akakataa. Akasema mandhari haichoti maji. Twiga akasimama kando ya mto, shingo ameinyoosha, akapaza sauti: "Pimbi! Hapa vipi?"

"Vizuri! Sogea kushoto kidogo! Basi! Usitikisike!"

Na mpaka leo, ukipita mbugani utamkuta Twiga amesimama hajongei, anatazama mbali kama anayesubiri kuambiwa imetosha. Utamkuta Tembo anajigeuza taratibu ili aonekane pande zote. Nyati yeye hukodolea macho mlimani kwa chuki, maana usiku huwa anafikiri, na kuna jambo halimkai sawa.

Huko juu, asubuhi ileile, Mama Kijiko alimbeba mwanawe mpaka katikati ya jiwe. Jua likampiga mgongoni. Kwanza vidole vikacheza, kisha masikio. Lile jani likaanza kusogea: kachu, kachu, kachu.

Pimbi aliposikia hiyo kachu, machozi ya kweli yakamtoka.

"Kijiko, mwanangu, inuka uone," akasema. "Bonde lote leo liko wazi. Tazama mandhari ilivyopendeza!"

Kijiko hakufumbua hata jicho. Akajigeuza upande wa pili, tumbo nalo lipate joto.

"Nyie tazameni," akasema. "Mimi naota jua."

Wanangu, mkubwa aliyekaa kwenye jua lako usimsukume, msifie mpaka aondoke mwenyewe. Na hadithi yangu imeshateremka mlima, anayeitaka ainuke aipokee huko chini.