Uso Mlangoni mwa Ghala

Kivuli kilichotupwa, taa haikirudishi. Methali hii mmeisikia leo, mkauliza imetoka wapi. Ilianzia kwenye studio ndogo ya picha huko Tukuyu, wiki moja ya mvua isiyokatika.

Mwenye studio aliitwa Subilaga. Alikuwa amepiga picha za harusi, na kwa kuwa kompyuta yake ilijaa, akazipunguza uzito. Picha halisi ilikuwa na maelfu ya ngazi kati ya weusi na weupe. Yeye alibakiza chache tu. Akakoleza na sehemu za giza kidogo, ili nyuso za maharusi zing'ae. Kisha akafuta zile za mwanzo. Kwa macho, hakuna kilichoharibika.

Siku ya tisa baada ya harusi, mama wa bwana harusi aliingia studio na shemeji yake, Mzee Mwaipopo. Mwanawe mwingine, Ambakisye, hakuwa ameonekana tangu sherehe ile. Picha yake ya mwisho ilimwonyesha amesimama mbele ya mlango wa ghala la mahindi. Nyuma yake, giza tupu.

"Mwanangu, tuangazie humo ndani," mama akasema. "Kuna mtu. Moyo wangu unaniambia yumo."

Subilaga akaongeza mwanga. Giza halikufunguka. Lilikatika mabaka yenye kingo kali, baka juu ya baka, na katikati yake ukatokea uso. Mashimo mawili ya macho. Kidevu. Ulikuwa ukimtazama yeye Subilaga.

"Andengenye," Mzee Mwaipopo akanong'ona. "Jirani yetu. Waligombania mpaka wa shamba." Akatoa simu. "Vijana waende kwake sasa hivi."

"Baba, subiri kidogo."

Subilaga akafungua picha nyingine ya mlango uleule. Aliipiga asubuhi, kabla mgeni yeyote hajafika, na hiyo nayo aliipunguza vilevile. Akaongeza mwanga. Ukatokea uso mwingine, kinywa wazi.

"Huyu naye ni nani?" mama akauliza.

"Si mtu, mama. Ghala lilikuwa tupu. Ni ngazi chache za weusi nilizobakiza, nikizitanua zinapasuka mabaka, na macho yetu yanayaona kama uso."

"Na yule wa kwanza?"

"Sijui. Labda alikuwepo mtu. Labda hapakuwa na kitu."

"Basi nirudishie lile giza la mwanzo, tulitazame vizuri."

Subilaga akainamisha kichwa. "Nililifuta, mama."

Mzee Mwaipopo akarudisha simu mfukoni. Andengenye alilala salama, asijue alichoponea. Lakini Ambakisye hakupatikana. Kila Jumatatu mama yake alikuja, akaketi mbele ya kompyuta, akaomba mwanga uongezwe tena kidogo. Na kila mara aliona sura mpya, hadi siku moja akaiona sura ya mwanawe mwenyewe ikichungulia toka gizani, nyuma ya mgongo wa Ambakisye yuleyule aliyesimama pichani.

Siku hiyo Subilaga alizima kompyuta, akamshika mkono, akamwambia taratibu, "Mama, kivuli kilichotupwa, taa haikirudishi."